Kangomba ya Kioo

Malipo ya mnada wa tatu yameingia jana.
Leo, ukungu wa Newala haujainuka,
Tufe wameshafunga hema mbele ya benki
na Kipanga wamefunga lao mkabala,
spika kwa spika,
majogoo wawili, tetea mmoja.

Mimi fundi. Meza yangu ipo katikati,
chini ya bati la Shaweji muuza nyama.
Nina bisibisi saba, mswaki wa zamani,
na boksi la chaja zisizojuana:
ya Tufe mdomo bapa, ya Kipanga duara.
Mwaka juzi zilikuwa sawa.
Wakagombana huko wanakogombania,
sisi tukanunua waya upya.

"Tufe! Betri siku mbili!"
"Kipanga! Siku tatu, na mwavuli juu!"
"Tufe! Elfu tisini na tisa, leo tu!"
Wanashusha, wanashusha,
nami najiuliza:
anayeuza chini ya alichonunulia
anakula wapi?

Mwalimu Nandonde anacho cha Tufe.
Mkewe, muuguzi, kapewa cha Kipanga kazini.
Kitanda kimoja, vioo viwili,
na picha ya mtoto ikitumwa na baba
haifunguki kwa mama.
Wananiletea nipatanishe.
Nimepatanisha redio na betri za gari,
nimepatanisha hata wake wenza;
hivi vimenishinda.

Kishikwambi, ndilo jina.
Lisikilize polepole: mna kushikwa ndani yake.
Halisemi nani kashikwa.

Saa nne akaja Bi Somoe Chilumba,
noti zake kwenye pindo la khanga,
na cha Kipanga kipya, nailoni haijabanduka.
"Kinaniambia nibonyeze Nakubali.
Nisomee kwanza ninachokubali."
Nikasoma. Chai yangu ikapoa, nasoma.
Kinataka kujua ulipo, bibi.
Unaongea na nani, kwa muda gani.
Unanunua nini, unalala saa ngapi,
na ya kesho, na ya mwakani,
hata ambayo hujayafanya.

Akacheka, kicheko kisicho na meno.
"Hii naijua. Hii kangomba.
Mwaka ule wa njaa alikuja mtu na debe la unga,
mikorosho yangu bado maua.
Akasema, kula, bibi, utanilipa zikidondoka.
Nikala siku kumi.
Yeye akala msimu."

Kijana wa Kipanga akasogea, fulana inang'aa:
"Hakuna wizi, bibi. Vyote vinatunzwa winguni."

Bi Somoe akainua uso.
Ukungu ulikuwa unapita usawa wa mapaa,
mweupe, umeshiba,
unateremka bonde la Ruvuma kama kawaida yake.
"Mawingu ya hapa nayafahamu, mjukuu.
Yanalala kwangu, yananyesha kwa watu.
Ndoo ya maji nanunua mia tano."

Kisha akabonyeza.
Nilidhani atakirudisha. Akabonyeza,
kwa kidole gumba chenye doa jeusi la mafuta ya korosho,
mara mbili, maana mara ya kwanza kioo hakikumtambua.
Ana binti Songea aliyejifungua Jumanne.
Akamwona mtoto, analia, kipara,
akasema, "Ana masikio ya kwetu,"
akaondoka bila kuniuliza bei ya kusoma.

Jioni hema zinakunjwa.
Vijana wa Tufe na wa Kipanga
wamekaa kwa Shaweji, sahani moja ya mishikaki,
wanaulizana kama mshahara wa mwezi jana umeingia.
Haujaingia.
Mmoja ananigeukia, simu mkononi imezima:
"Fundi, niazime chaja."
Namuuliza, mdomo gani?